Nauli ya Mokowe: jinsi ya kuutunga utenzi wa mlivyokutana

Swali tulilopokea limefupishwa hivi:

«Assalamu alaikum ustadhi. Mimi ni kijana wa Malindi, nimemchumbia binti wa Lamu, wa mtaa wa Langoni. Tulikutana kwenye boti ya Mokowe kwenda Lamu. Nilikuwa na noti kubwa, mkusanya nauli hana chenji, watu wakanicheka, yeye akanilipia bila kusema neno. Mambo yakaenda mpaka posa ikakubaliwa, na nikaha ni Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, inshallah. Sasa dada zake wanataka usomwe utenzi wa jinsi tulivyokutana usiku wa kupamba. Nimejaribu, shangazi yangu akasoma ubeti mmoja akacheka, akasema hauna mizani. Tena naogopa wazee wa upande wa kule wasije wakasema binti yao alikuwa akionana na mimi. Ubeti wenyewe ni huu:

Siku ile ya Jumatatu
Nilipanda mashua ya watu
Nikakuona wewe mrembo wetu
Moyo wangu ukadunda sana

Nifanyeje?»

Waalaikum salaam, bwana harusi mtarajiwa. Shangazi yako hakukosea. Lakini asikukatishe tamaa, kwa sababu kilicho kigumu kukipata unacho tayari, nacho ni kisa. Wengi wanaotaka kutungiwa huja na «tulipendana tangu siku ya kwanza», na hapo mtungaji hana pa kushika. Wewe una boti iliyojaa, noti isiyovunjika, watu wanaocheka na mkono wa mtu aliyelipa akanyamaza. Hiyo nauli ndiyo utenzi wako. Mengine yote yaizunguke hiyo.

Tuanze na ubeti wako. Mizani ni silabi zinazotamkika. Utenzi, au utendi kama wanavyouita watu wa Amu, yaani Lamu, una mistari minne katika kila ubeti, na kila mstari una mizani 8. Mistari mitatu ya kwanza inaishia kwa kina kimoja, na wa nne unaishia kwa kina kingine ambacho hakibadiliki toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hicho huitwa kina cha bahari. Hesabu kwa vidole vinane, ukiacha gumba pande zote mbili: vidole vikibaki, mstari ni mfupi, ukihitaji gumba, umezidisha.

Si-ku-i-le-ya-Ju-ma-ta-tu ni 9. Ni-li-pa-nda-ma-shu-a-ya-wa-tu ni 10. Mstari wa tatu ni 12. Wa nne ni 10. Hakuna hata mmoja uliofika pake.

Wa kwanza unatibika kwa kutoa neno moja: «Siku ile Jumatatu» ni 8 safi. Wa pili nao ukipunguzwa kiambishi na kubadilishwa chombo unakaa: «Kipanda chombo cha watu», 8. Wa nne toa «sana», umebaki na 8. Lakini wa tatu umezidi kwa mizani minne, na mstari uliozidi kiasi hicho haukatwi mkia, hutupwa. Na hata ungekatika, ningekushauri uutupe. «Mrembo wetu» na «moyo ukadunda» ni maneno ya redioni: kila bwana harusi wa pwani anaweza kuyasema kuhusu kila bibi harusi, na wanawake waliokaa kwenye mikeka usiku ule wameyasikia mara mia. Hawajasikia hata mara moja habari ya mtu aliyeaibika kwa kukosa chenji akaokolewa na mgeni.

Makosa ya kuhesabu ambayo karibu kila anayeanza huyafanya ni haya. M na N zinazosimama peke yake kabla ya konsonanti huhesabiwa: m-tu ni 2, m-ko-no ni 3, n-chi ni 2, n-ne ni 2. Ila pale M au N inapoungana na sauti inayofuata ndani ya neno refu haihesabiwi: cho-mbo ni 2, mbe-le ni 2, ba-nda-ri ni 3. Irabu mbili zilizofuatana ni mizani miwili: ka-a, na-u-li, a-bi-ri-a. Halafu kuna maneno yaliyotoka Kiarabu na kwingineko yenye konsonanti iliyokosa irabu, kama elfu, labda, amri, alfajiri. Wako watakaosoma e-l-fu kwa mizani mitatu na wako watakaosoma miwili, na wote watakuwa na hoja. Dawa si kubishana. Yaepuke, maana hujui msomaji wako atayatamka vipi akiwa na kipaza sauti mkononi. Jina la Garsen ni la aina hiyohiyo. Kama ulikuja kwa basi kutoka Malindi na unataka kuitaja njia, Witu (2), Mokowe (3) na Amu (2) zitakutii zaidi.

Kina nacho kina sheria yake: ni silabi nzima ya mwisho, si irabu peke yake. «Nauli» na «bahari» havishikani, kwa kuwa -li si -ri. «Kukata» na «kukatwa» havishikani. «Panda» na «pada» havishikani. Sikio la Lamu halisamehe hapo, na kosa la kina husikika hata kwa mtu asiyejua kusoma.

Kabla hujaandika mstari wowote, chagua kina cha bahari, na uandike pembeni maneno yote unayoyaweza. Wengi hukimbilia -ni kwa sababu kila mahali panaweza kupewa -ni: pwani, gatini, nyumbani, moyoni. Ni rahisi mno, na baada ya beti kumi utenzi unasikika kama orodha ya mahali. Kwa kisa chako mimi ningechukua -ri, maana bahari yenyewe imo ndani yake, na posa pia: siri, safari, tayari, hodari, bahari, bandari, habari, mahari. Hayo ni manane. Ongeza shwari, johari, fahari, hiari, nuri, uturi, mashuhuri, shauri, heri, desturi, dosari, hatari, subiri, fikiri, dahari, kauri. Yamekuwa 24, na utenzi wa beti 24 unakutosha. Usilirudie neno moja la mwisho mara mbili isipokuwa umekusudia.

Kwa nini 24? Ubeti mmoja kwa lahani, yaani mahadhi, ya polepole huchukua kama sekunde 20. Beti 24 ni dakika 8. Usiku wa kupamba watu wamekuja kumtazama bibi harusi, kuimba na kula. Dakika 8 watasikiliza kwa utulivu, dakika 15 watoto wataanza kukimbizana na akina mama kuulizana habari za ndugu. Zigawe hivi: beti 2 za dua na kufungua, 3 za safari, 6 za mkasa wa nauli, 4 za kutafutana, 4 za posa, 2 za wazazi, 2 za dua ya mwisho, na 1 ya idadi na tarehe. Utaona nauli imepewa sehemu kubwa kuliko yote. Usikubali mtu akushauri uipunguze ili uongeze sifa.

Sasa tazama jinsi kisa chako kinavyoingia ndani ya mizani. Hizi ni beti za mfano, zichukue au uzivunje.

Naanza na jina lake
Mola asiye mwenzake
Muumba wa mja wake
Mwenye kujua ya siri

Chombo kilikuwa tele
Kiti kimoja cha mbele
Ndipo nikakaa pale
Kungoja yangu safari

Kaja mtu wa nauli
Ninayo noti kamili
Akatazama kwa mbali
Chenji haiko tayari

Abiria wakacheka
Pa kujificha nataka
Hapana pa kuponyoka
Nikajitia hodari

Mkono wenye bangili
Ukatoa za wawili
Bila ya neno la pili
Kageukia bahari

Angalia mambo mawili matatu humo. «Yangu safari» badala ya «safari yangu»: kugeuza mpangilio kumeruhusiwa na kumezoeleka, ila usigeuze kila mstari, utenzi utasikika kama mtu anayetembea kinyumenyume. «Kaja» na «kageukia» badala ya «akaja» na «akageukia»: hiyo ni inkisari, kufupisha neno ili mizani itimie, na ni halali kwa sababu msikilizaji hapotezi maana. Kinyume chake ni mazida, kurefusha, kama «afya» kuwa «afiya». Usichoruhusiwa, ingawa utawaona watu wakifanya, ni kupinda neno mpaka livunjike: «upendo» kuwa «upenda» kwa sababu unatafuta kina cha -nda. Hiyo si lahaja wala ushairi. Ni uvivu tu.

Ubeti wa abiria nimeuweka kwa makusudi kati ya beti mbili za -li. Beti mbili zinazofuatana kwa vina vilevile huchanganya sikio, msikilizaji asijue ubeti umekwisha au bado. Tena kicheko kile ndicho kinachoupa mkono ule uzito wake.

Na uone ubeti wa mwisho haukusema «mrembo», haukusema macho, umbo wala sauti. Kuna mkono tu na uso uliogeukia maji. Kwa hadhira ya Lamu hiyo ni sifa kubwa kuliko kumsifu mtu rangi, kwa sababu imemsifu kwa tendo na kwa haya. Hapa ndipo tunapoigusa hofu yako ya wazee.

Hofu hiyo ina msingi. Kisa cha wawili walivyopendana kikisimuliwa mbele ya jamaa wa pande mbili kina shimo moja: yale ya kati, baada ya kukutana na kabla ya posa. Simu za usiku, ujumbe, mlikaa wapi mkazungumza. Hata kama hapakuwa na lolote la aibu, likisemwa wazi litapewa tafsiri. Ukilifuta kabisa nalo, wasikilizaji watajiuliza mbona mtu amelipiwa nauli Jumatatu na kesho yake kapeleka posa. Njia ya watunzi wa pwani siku zote ni fumbo: unasema kwamba kulikuwa na kitu kati yenu, husemi kilikuwa nini. Na wewe fumbo umeshapewa bure, ni lile deni.

Deni nikalifuata
Kulilipa nikasita
Lisije kamba kukata
Ya chombo na ya bandari

Mtu hulipa deni lake haraka. Huyu anachelewa, na kila mwanamke kwenye mkeka ataelewa kwa nini. Wazee hawana pa kushika, kwa kuwa hakuna alichokiri isipokuwa deni la nauli. Beti zako nne za kutafutana zizunguke hapohapo: ulivyouliza jina lake, uliyemuuliza, deni lilivyokua badala ya kupungua. Kama aliyekuonyesha nyumba yao ni ndugu au jirani anayejulikana mtaani, mtaje kwa sifa yake bila jina, maana shahidi mwenye heshima ndani ya utenzi huziba midomo mingi.

Kisha hamisha mambo mikononi mwa wazee, tena mapema:

Wazee wakaagizwa
Ukoo ukaulizwa
Na jina likachunguzwa
Ikarejea habari

Ubeti huu unakulinda kuliko dua. Unaonyesha kwamba mlango uliingia kwa kubisha. Baada yake taja mshenga, taja baba aliyetoa ruhusa, taja kwamba binti mwenyewe aliulizwa akaridhika. Usikisahau hicho cha mwisho. Neno «hiari» limo kwenye orodha yako ya -ri, na mahali pake ni hapa. Kuhusu mahari, taja kwamba imekubaliwa, usitaje kiasi. Kutaja kiasi ni kuwaalika watu wazilinganishe harusi.

Nyumba mbili zimepana
Mikono zimeshikana
Kwa neno la waungwana
Kwa posa na kwa mahari

Mafumbo mengine yachague kwa tahadhari. Asumini, waridi, kilua, johari na lulu ni salama, ingawa zimetumika sana. Zitumie mara moja na uende zako. Lakini tunda, kuchuma, kuonja, kisima, embe bivu, hayo yana maana yake katika nyimbo za harusi, na kila aliyepita kwa somo, yule mwanamke anayemfunda mwali, anaijua. Ukiyaweka katika utenzi utakaosomwa usiku ule, utasikia vicheko mahali ambapo hukuvitaka, na mkwe wako atatazama chini. Waachie wanawake wenyewe katika nyimbo zao. Vugo, ngoma yao ya harusi, likipigwa, pembe zikigongwa kwa vijiti, watasema hayo yote na zaidi, kwa haki yao.

Jina la bibi harusi lisitajwe. Linaweza kufichwa: herufi za kwanza za beti kadhaa zikisomwa kutoka juu kwenda chini zitoe jina lake. Kwa sikio hazionekani, kwa karatasi zinaonekana, na yeye peke yake ataambiwa atazame. Jina lake likiwa na herufi 6, zipe kazi hiyo zile beti 6 za nauli. Beti za mfano hapo juu hazikufuata hilo, kwa hiyo utaziandika upya mianzo yake; mistari ya kwanza ndiyo rahisi kubadilisha kwa kuwa kina hubaki mwisho.

Sasa ukweli wa mambo, na hapa watungaji wa bara hukosea sana wakija pwani. Kama boti ilikuwa ya mashine, usiweke tanga, mlingoti wala foromali kwa ajili ya uzuri. Watu wa Lamu wanaishi na vyombo. Matondoni wanaunda majahazi hadi leo. Mtu atauliza mbio za tanga zilitoka wapi kwenye boti ya Mokowe, na utenzi wote utageuka kichekesho. Vivyo hivyo upepo. Kama mlikutana Julai ni kusi, usiandike kaskazi kwa sababu tu neno linakaa vizuri kwenye mizani. Kaskazi ni ya Desemba hadi Machi hivi. Kama unataka kutaja maji, kumbuka yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Hukumbuki? Tazama tarehe ile mwezi ulikuwa wa ngapi: mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji hujaa na kukupwa sana, katikati yake ni maji mafu, hayapandi wala hayashuki sana. Mkishuka gatini Lamu, kilichobeba mizigo ni punda au rukwama, si teksi. Usivuke daraja wala barabara ambayo haipo.

Ili uyapate haya, kaa na karatasi uandike unayoyakumbuka wewe, halafu dada yake mmoja akamuulize yeye maswali yaleyale mkiwa mbalimbali: mlikaa upande gani, nani alicheka kwanza, alitoa sarafu au noti, alikuwa amebeba nini, alitazama wapi baada ya kulipa, neno la kwanza lilisemwa na nani na lilikuwa lipi. Mkilinganisha, mtapishana. Mnapopishana ndipo kwenye ubeti mzuri. Yeye akisema alikulipia kwa sababu boti ilikuwa inachelewa na yeye ana haraka, liandike hivyohivyo. Lina thamani kuliko kusema alikuonea huruma.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kama uandike kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ili uwafurahishe. La. Wewe ni mtu wa Malindi, na Kiamu cha kuazima hujulikana kwa mstari wa pili. Makosa ya kawaida ni kuchanganya: mtu anaandika «zombo» mstari huu na «vyombo» mstari unaofuata, au «ndia» hapa na «njia» pale. Watakuheshimu zaidi ukiandika lugha yako sawasawa. Hata hivyo maneno mawili matatu ya kule yakiingia kwa mpango ni kama kubisha hodi: «mato» kwa macho, «moya» kwa moja, «mai» kwa maji, «ndoo» kwa njoo. Tena yanakufungulia vina usivyokuwa navyo. «Mato» itashikana na «mapito», «macho» ingekutaabisha. Yaweke kwenye beti za wazazi wake, si za dua, na mtu wa Lamu ayapitie kabla.

Usomaji. Kupamba ni shughuli ya wanawake, kwa hiyo utenzi utasomwa na mwanamke, nawe hutakuwapo. Atasema «nikakaa», «nikasita» kwa niaba yako. Hilo halina neno, waimbaji wamezoea kubeba sauti ya mwingine. Ila ongeza ubeti mmoja wa kufungulia unaosema haya ni maneno ya bwana harusi ameyatuma, ili asiyejua asipotee. Toa ubeti mmoja wa dua ili idadi ibaki 24.

Msomaji apewe karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa, beti 4 kwa ukurasa, asilazimike kugeuza katikati ya ubeti. Asikubali kusoma kwenye simu: simu kwenye kupamba mara nyingi zinakatazwa, na mwenye kuishika atatazamwa kwa jicho baya hata kama anasoma tu. Afanye mazoezi na lahani atakayoitumia, si kwa kusoma kimya. Lahani huvuta silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo utagundua mstari wenye mizani 8 kwenye karatasi lakini unaokwama kwenye koo. Mistari ya namna hiyo ibadilishe. Usimwambie msomaji ajitahidi. Mwenye mitambo ya sauti aambiwe apunguze mwangwi, kwa sababu mwangwi hula vina, na utenzi bila vina ni hadithi iliyokatwakatwa.

Utenzi hauna kiitikio. Kama dada zake wanataka watu waitikie, usiulazimishe utenzi. Fungia na beti mbili za shairi, mishororo minne kila ubeti, mshororo vipande viwili vya mizani 8, na kibwagizo cha kurudiwa na wote. Kwa kisa chako ningeweka:

Nauli nimeilipa, sasa nipewe safari

Maana yake ya wazi ni kwamba lile deni sasa limelipwa kwa mahari. Wanawake watalifahamu wapendavyo, na kwa sababu wanaliitikia wao, jukumu ni lao.

Kuhusu muda, usingoje Ramadhani. Mwezi ule msomaji ana futari mchana na tarawehe usiku, hakuna atakayefanya mazoezi. Rasimu iwe imekamilika kabla ya vunja-jungu. Andika beti tatu kwa siku, si zaidi, na kila asubuhi usome za jana kwa sauti kabla ya kuandika mpya. Utafuta nyingi, na ni sawa. Ubeti wa idadi uandike mwisho kabisa. Ukijaribu «Beti ishirini na nne» utapata 9. Toa «na», «Beti ishirini nne», na mizani imetimia.

Nakala ya kwanza mpe shangazi yako wa Malindi aliyecheka, ahesabu kwa vidole. Ya pili impitie mzee mmoja wa upande wa Lamu, na umuulize swali moja tu: kuna mstari usiotaka usikike nyumbani kwako? Atakaoutaja uondoe bila kujitetea. Ya tatu apelekewe bibi harusi mwenyewe kupitia dada yake, kwa kuwa ni kisa chake pia na ana haki ya kukata. Mwambie dada amuulize hasa kama Jumatatu ile alikuwa amevaa bangili. Kama hakuvaa, ubeti ule wa mkono ni wa uongo, na itabidi uandikwe upya kuanzia kina cha kwanza.